Bulongo ya kuchezea inayolika: namna ya kuitengeneza nyumbani pamoja na watoto

Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti kati ya kitu cha kuchezea na kitu cha kula. Chochote kinachoingia mkononi kinafika kinywani. Huo si utundu, ndivyo anavyojifunza dunia: anagusa, anafinya, anaonja. Hakuna mzazi anayeweza kumzuia kila dakika, juu kuna maji ya kuchota, sokoni ya kwenda na moto wa kuwasha. Lakini mzazi anaweza kufanya jambo moja: kuchagua ni kitu gani kitakuwa mkononi mwa yule mtoto.

Hapa Kakontwe, na Likasi yote, jambo hilo si dogo. Bulongo ya lupango, ambayo watoto wanaifinyanga kila siku kuwa kamiyo, telefoni na sufuria ndogo, si bulongo kama ya mji mwingine. Ndiyo maana leo tunaeleza namna ya kutengeneza bulongo nyingine kwa unga, maji na mafuta kidogo. Mtoto anaweza kuifinyanga asubuhi nzima, na hata akiila, mama hatakimbilia kituo cha afya.

Juu ya nini tusiache watoto wacheze na bulongo ya kawaida?

Kwanza tuseme wazi: kucheza na bulongo haiko kitu kibaya. Wazazi wetu walifinyanga ng'ombe na nyumba kwa bulongo ya kichuguu, na vidole vyao vilipata nguvu na akili. Shida iko katika kile kilichoingia ndani ya bulongo yetu.

Likasi ni mji wa viwanda. Tangu zamani, wakati ulipoitwa Jadotville, unaishi na shaba na kobalti. Kiwanda cha Shituru kinatoa shaba tangu mwaka 1929, kwanza chini ya Union Minière, kisha chini ya Gécamines. Na Kakontwe yenyewe inajulikana kwa jiwe lake la chokaa. Jiwe hilo linajulikana hata nje ya mipaka: wanajiolojia wanaita tabaka lote la mawe ya namna hiyo kwa jina la Kakontwe, mpaka ng'ambo huko Zambia, upande wa Ndola.

Viwanda, machimbo na barabara za kamiyo vinatoa vumbi. Vumbi linatua juu ya bati, juu ya mboga, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya bulongo ya lupango. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa Katanga ya kusini. Wale wanaoishi karibu na machimbo na viwanda walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini, pamoja na madini mengine kama risasi na kadmiamu, kupita wale wanaoishi mbali. Mwaka 2018 watafiti hao walitoa matokeo mengine, safari hii ya Kasulo, kartiye ya Kolwezi ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Huko watoto walikutwa na kobalti nyingi zaidi kuliko watu wakubwa.

Kwa nini watoto? Jibu ni rahisi. Mtoto anakaa chini, anatambaa chini, analamba vidole. Mtu mkubwa anapata madini hasa kupitia chakula. Mtoto anayapata kupitia chakula, halafu anaongezea vumbi la mikono yake.

Risasi, ile plomb ya betri za gari, ndiyo inayotisha zaidi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Linasema pia kwamba mwili wa mtoto mdogo unafyonza risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 zaidi kuliko mwili wa mtu mkubwa. Haileti homa wala kuhara siku ileile. Inaharibu pole pole: mtoto anachelewa kusema, anashindwa kutulia darasani, anapungukiwa damu. Majirani zetu wa Kabwe, Zambia, wanalijua hilo vizuri. Mgodi wao wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini mpaka leo watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wanakutwa na risasi katika damu, kwa sababu wanacheza katika bulongo ileile.

Kwa upande wa chokaa, tofautisha vitu viwili. Jiwe la chokaa lenyewe si sumu. Lakini chokaa iliyochomwa kwa moto, ule unga mweupe, ikikutana na maji inatoa joto kali na kuunguza ngozi, macho na koo. Kwa macho ya mtoto, chokaa na unga wa bukari ni kitu kimoja. Kama uko na chokaa ya kupaka nyumba, iweke juu, fasi mtoto hawezi kufika.

Unga wa kuchezea: wazo lilitoka wapi?

Katika maduka makubwa ya Lubumbashi unaweza kukuta vikopo vidogo vya plastiki vyenye unga laini wa rangi. Jina lake maarufu ni Play-Doh. Historia yake inachekesha. Mwanzoni haikuwa ya watoto. Katika miaka ya 1930, kampuni moja ya sabuni ya mji wa Cincinnati, Marekani, ilitengeneza donge la unga, maji na munyu kwa ajili ya kusafisha kuta. Wakati ule watu walipasha nyumba joto kwa makaa ya mawe, na masizi yalichafua karatasi za ukutani. Watu walipoacha makaa na kutumia gazi, lile donge likakosa kazi. Mwalimu mmoja wa watoto wadogo, Kay Zufall, akawapa wanafunzi wake walicheze, na watoto wakalipenda. Mwaka 1956 likaanza kuuzwa kama kitu cha kuchezea.

Kwa hiyo hakuna siri kubwa ndani ya kile kikopo: ni unga wa ngano, maji, munyu na vitu vya kulinda lisioze. Nyumbani tunaweza kutengeneza letu, na kwa upande mmoja letu litakuwa bora, juu litaweza kulika.

Angalia munyu

Hapa wazazi wengi wanakosea, hata wenye nia nzuri. Namna inayojulikana sana ya kutengeneza bulongo ya unga inasema: makopo mawili ya unga, kopo moja ya munyu, kopo moja ya maji. Watu wanaona ni chakula kitupu, wanafikiri haina hatari. Tupige hesabu.

Kopo moja ya munyu ina karibu gramu 280. Makopo mawili ya unga yana karibu gramu 260. Kwa hiyo munyu unakaribia kuwa sawa na unga kwa uzito. Ukikata kipande kidogo cha gramu 10, ambacho mtoto anaweza kumeza mara moja, ndani yake kuna zaidi ya gramu 3 za munyu. OMS inasema mtu mkubwa asipitishe gramu 5 kwa siku nzima. Uingereza, watu wa afya wanaweka gramu 2 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Kwa kipande kimoja tu, mtoto amekwisha kupita. Akila vitatu au vine, munyu unavuta maji kutoka ndani ya mwili wake: anapata kiu kali, anatapika, anaweza hata kupata degedege.

Ile yenye munyu mwingi haiozi haraka, ndiyo faida yake. Inafaa watoto wakubwa wa masomo wanaotaka kutengeneza sanamu, waikaushe na kuiweka juu ya meza. Kwa mtoto ambaye bado anaonja kila kitu, haifai.

Na unga mbichi je?

Unga mbichi si wa kulamba. Nafaka inatoka shambani, inapita katika mifuko, mashine na mikono mingi, na vijidudu vya tumbo vinaweza kubaki ndani yake. Moto ndio unaovimaliza. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: unga wa mtoto upikwe kwanza.

Unga wa muhogo uangalie mara mbili. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unabaki na sumu ya sianidi. Nchi yetu imelipa bei kubwa kwa hilo: ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ghafla, ulielezwa na daktari Trolli huko Kwango mwaka 1938. Tumia muhogo uliolowekwa na kuanikwa vizuri, na usimpe mtoto unga wake mbichi aufinyange. Unga wa mahindi au karanga zenye ukungu au harufu mbaya usitumie kwa lolote, hata kwa mchezo.

Namna ya kwanza: bukari

Ile bulongo rahisi kupita zote tayari iko mezani kwako. Kila mtoto wa hapa anajua kufinyanga kabla ya kuanza masomo: anajua kukata tonge, kulizungusha mkononi na kulitia shimo kwa kidole gumba ili lichukue mchuzi. Huo ndio ufinyanzi.

Bukari ya mahindi matupu inamegekameguka ikipoa. Ile iliyochanganywa na muhogo inavutika vizuri zaidi. Unaposonga bukari ya nyumba, weka pembeni tonge moja la ukubwa wa ngumi ya mtu mkubwa. Liache lipoe mpaka liwe vuguvugu, lipake mafuta kidogo, likande juu ya sahani kwa dakika mbili au tatu. Litakuwa laini na halitashika mikono. Mpe mtoto. Akilila, amekula bukari.

Hii haikugharimu kitu, juu unga ulikuwa tayari wa kupikwa. Ni nzuri kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu.

Namna ya pili: unga wa ngano uliopikwa

Hii inakaribia sana ile ya dukani. Inatosha watoto wawili au watatu.

Unahitaji:

- makopo 2 ya unga wa ngano, ile farini ya kutengenezea vitumbula
- kopo 1 na nusu ya maji
- vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kupikia
- kijiko 1 kidogo cha munyu, kisichojaa juu
- maji ya nusu limau

Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni, wewe na watoto wote. Kama mtu alitoka kwenye machimbo au kiwandani, abadilishe nguo kwanza, juu vumbi la kazi linasafiri ndani ya nguo.

2. Ndani ya sufuria, bila moto, changanya unga, munyu na maji pole pole mpaka upate rojo nzito isiyo na madonge, kama ya vitumbula. Ongeza mafuta na limau. Hapa watoto wanaweza kukoroga.

3. Sasa watoto wakae mbali na mbabula. Weka sufuria juu ya makala machache, moto mdogo. Koroga kwa mwiko bila kuacha. Mwanzoni utaona madonge, usiogope. Baada ya dakika chache rojo itaanza kushikana na kuacha ukuta wa sufuria.

4. Endelea kuigeuza na kuikandamiza mpaka iwe donge moja, isionekane tena sehemu nyeupe yenye maji, na mvuke utoke ukivunja katikati. Kwa kawaida ni dakika 5 hadi 8.

5. Mimina juu ya sahani iliyopakwa mafuta. Funika kwa kitambaa safi chenye unyevu. Subiri ipoe kabisa. Ndani inabaki moto muda mrefu kuliko juu, kwa hiyo vunja katikati na upime kwa mkono wako kabla ya kumpa mtoto.

6. Paka mafuta mikononi na ukande kwa dakika 5.

Kama inashika vidole, usiongeze unga mbichi. Irudishe motoni dakika mbili, maji yaliyozidi yatoke. Kama ni ngumu na inapasuka, lowesha mikono kwa maji yaliyochemka na kupoa, kisha ukande tena.

Kazi ya limau ni kuifanya iwe laini na kuichelewesha kidogo kuharibika. Mafuta yanazuia isikauke. Ule munyu kidogo ni wa ladha tu, kama katika mkate.

Namna ya tatu: ile tamu, ya siku moja moja

Kwa siku ya kuzaliwa au sikukuu, na kwa watoto wenye miaka mitatu na zaidi: kaanga unga wa mahindi bila mafuta, moto mdogo, ukikoroga mpaka ubadilike rangi na unukie. Ponda ndizi moja iliyoiva, ongeza vijiko viwili vya karanga zilizosagwa, kisha tia ule unga uliokaangwa kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Halifinyangiki vizuri kama la ngano, lakini watoto watatengeneza mipira na nyoka, halafu watakula kila kitu.

Mambo mawili ya kuangalia. Kuna watoto ambao karanga zinawavimbisha midomo au kuwakaba pumzi. Kama mtoto hajawahi kula karanga, hii isiwe mara yake ya kwanza. Na kama unataka kuongeza asali, usimpe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu asali inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga.

Rangi zinatoka jikoni

Rangi ndizo zinazowafurahisha watoto zaidi. Zitafute katika chakula tu:

- Rangi ya machungwa: mafuta ya mawese badala ya mafuta mengine.
- Nyekundu au ya waridi: maji ya beterave iliyochemshwa, au maji mazito ya bissap.
- Kijani: lengalenga iliyooshwa vizuri, ikatwangwa, ikakamuliwa.
- Kahawia: unga wa kakao.
- Njano: manjano, kile kiungo cha pilau.

Tumia maji ya rangi badala ya sehemu ya maji ya kupikia, ili nayo yapite motoni.

Na sasa zile rangi ambazo hapana. Rangi ya ukutani, hapana. Rangi ya kuchovya nguo, hapana. Na tena, hili ni la hapa kwetu: mawe ya rangi. Watoto wa Likasi wanaokota jiwe la kijani, malakiti, linalong'aa vizuri, na lile jeusi lenye kobalti. Wanayasaga kati ya mawe mawili wapate unga wa rangi. Ule unga wa kijani ni shaba, ule mweusi ni kobalti. Yasiingie ndani ya nyumba, na yasikaribie kamwe unga wa kuchezea.

Angalia vyombo pia. Kusukuma donge, chupa safi inatosha. Kukata, kifuniko cha chupa au ncha ya kijiko. Usitumie kopo la rangi la zamani, wala ganda la betri. Na usitandike chini mfuko uliobeba mchanga wa madini, hata kama umeufua. Sahani kubwa, sinia au meza iliyopanguswa kwa kitambaa chenye maji ndiyo kiwanja cha mchezo. Kitambaa kikavu kinarusha vumbi tu, linatua tena.

"Chakula hakichezewi"

Bibi wengi watasema hivyo, na wana haki ya kusema. Juu ya nini kuchezea unga wakati kuna nyumba inayolala njaa? Ni swali la heshima, linastahili jibu la kweli.

Jibu la kwanza: unga huu hautupwi. Tonge la bukari litaliwa leoleo. Lile la ngano, mchezo ukiisha na kama mikono ilikuwa safi na halikuanguka chini, likate vipande vyembamba, uvikaange katika mafuta moto mpaka viive tena ndani na nje. Watoto watakula kazi ya mikono yao. Kama lilianguka chini, lipe kuku.

Jibu la pili: kama nyumbani unga ni wa kupimwa kopo kwa kopo, chukua ile namna ya kwanza na uishie hapo. Tonge moja la bukari linatosha mtoto mmoja. Hakuna mtu anayeombwa kununua farini kwa ajili ya mchezo wakati sufuria iko tupu.

Jibu la tatu: mtoto atacheza tu. Usipompa wewe kitu cha kufinyanga, atakitafuta mwenyewe nje. Hiyo bulongo ya nje nayo ina bei yake, ila inalipwa baadaye.

Mtoto anapata nini katika mchezo huu?

Anapata vidole. Kukanda, kufinya na kuzungusha kunaipa misuli ya mkono nguvu ileile atakayohitaji kushika kalamu. Walimu wa maternelle wanajua: mtoto ambaye hajafinyanga anachoka haraka kuandika.

Anapata hesabu. Mwambie agawe donge sawasawa na mdogo wake. Atengeneze mipira mitano, aondoe miwili. Anapata herufi: tengenezeni nyoka mrefu, mkunje kuwa S, kuwa O, kuwa jina lake.

Anapata pia maneno. Mtoto anayefinyanga anasema: "Mama, niko natengeneza kamiyo, inaenda Lubumbashi." Muulize inabeba nini, nani anaendesha, itarudi lini. Dakika ishirini za namna hiyo, ukikaa karibu naye huku unachambua sombe, zinajenga lugha kuliko kelele za televizyo.

Maswali yanayorudi

*Mtoto aanze na miaka mingapi?* Kuanzia mwaka mmoja, kwa bukari na ukiwa karibu. Mpaka miaka mitatu usimwache peke yake, kwa sababu hata chakula kinaweza kumkaba. Donge lake liwe kubwa, na vile vipande vidogo viondolewe.

*Inakaa muda gani?* Ile yenye munyu kidogo inaharibika kama chakula kingine. Ya bukari ni ya saa chache tu. Ya ngano, ifunike vizuri na itumike siku hiyohiyo. Jioni ipikwe au ipewe kuku. Usiilaze mpaka kesho, hata kama uko na frigo, juu umeme wetu unajulikana. Ikitoa harufu ya uchachu au ikiteleza, itupe.

*Watoto wengi wacheze na donge moja?* Afadhali kila mmoja apate lake, hasa katika jimbo kama letu ambako kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Mtoto anayehara asishiriki siku hiyo.

*Mtoto wangu anatafuta bulongo ale, kila siku. Unga huu utamponya?* Hapana. Mtoto anayeonja bulongo mara moja moja anajifunza. Yule anayeitafuta kila siku, anayelamba ukuta au kula makala, anaweza kuwa na upungufu wa damu au minyoo. Mpeleke kituo cha afya, umweleze muuguzi kwamba anakula bulongo, na mwambie pia kama mnaishi karibu na kiwanda, na kama kuna mtu wa nyumba anayefanya kazi ya madini. Maneno hayo yanamsaidia kujua atafute nini. Na pemba ya sokoni, ile ambayo wamama wajawazito wanapenda, isipewe mtoto kama dawa ya hamu hiyo. Ni bulongo pia, na watafiti wa Kinshasa wamekuta risasi ndani yake.

Ya kushika

Unga mmoja hautaondoa vumbi la Likasi. Hiyo ni kazi ya viwanda na ya serikali, na wakaaji wana haki ya kuidai. Lakini wakati tunadai, mtoto anakua leo. Yale ya nyumbani yako mikononi mwetu: kunawisha mikono kabla ya kula, kupangusa kwa kitambaa chenye maji, kufunika unga na maji, kuosha mboga mara mbili, kubadilisha nguo za kazi mlangoni.

Na ongeza hili: mara moja au mbili kwa juma, tonge la bukari au donge la ngano juu ya sinia safi. Unga upikwe, munyu uwe kidogo, rangi itoke jikoni, mikono ioshwe, mtu mkubwa awe karibu. Ukishika hayo matano, mtoto aweke kinywani anavyotaka.